Sekunde mbili za marahaba

Jumatano, mwezi wa nane. Singida Mjini.

Upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye vikombe.

Leo nimesema uongo wa neno moja.

Zamani bwana mifugo alikuwa anafika zizini na baiskeli yake. Siku hizi wamebaki wachache, dawa zinauzwa madukani kama sukari, na kampuni moja ya Dodoma imeanzisha huduma ya simu. Mfugaji wa Manyoni au Mitundu anapiga, anabonyeza namba ya mnyama wake, anabonyeza namba ya shida, sauti inamjibu. Sauti hiyo ni yangu. Jumbe mia mbili na arobaini, kila moja faili lake, kila faili namba yake. Dada Stella, anayesimamia kazi, aliniambia hii ikienda vizuri na kazi ya masika ni yangu. Nimemaliza chuo, huu ni mwaka wa pili sina ajira. Naitaka sana kazi hii.

Nilirekodi chumbani kwangu, mablanketi yakining'inia ukutani. Siku ya kwanza tu mama alifungua mlango bila hodi.

"We mtoto, unamwamkia mtu mzima shikamoo, halafu hungoji hata aitikie? Unakimbilia wapi? Watasema sikukulea."

"Mama, ni mashine inayoongea."

"Na anayepiga naye ni mashine?"

Nilicheka, lakini alisema kweli. Wazee wa huku wakiamkiwa wanaitika, hata iwe redio. Basi nikarudia yote, na kila baada ya shikamoo nikaacha sekunde mbili za marahaba. Nilijiona nimefanya jambo la adabu ambalo msomaji wa miji mikubwa asingeliwaza.

Kumbe nilikuwa najichimbia shimo. Mimi sirekodi ujumbe mmoja mmoja. Nasoma thelathini mfululizo, kisha programu ya kompyuta inakata yenyewe kila inapokuta ukimya. Kati ya ujumbe na ujumbe pia naacha sekunde mbili. Mashine ingejuaje ukimya upi ni wa heshima na upi ni mwisho wa habari?

Leo alfajiri niliiambia ikate. Vikatoka vipande mia nne themanini na kitu. Shikamoo peke yake, maelezo peke yake. Na basi la Dodoma linaondoka saa tatu, na flashi yenye mafaili lazima iende nalo, maana intaneti ya hapa haiwezi kubeba mzigo wote huo.

Halafu nikapata akili. Nikapanga vipande kwa ukubwa na kuzitenga shikamoo, kwa kuwa zote ni fupi. Vilivyobaki nikavihesabu: mia mbili na arobaini kamili. Shikamoo zenyewe sikuzihesabu. Nikairudishia kompyuta mpangilio wa awali, ikavipa vipande namba zake, ikaunganisha salamu moja mbele ya kila kipande. Nikasikiliza kumi za mwanzo na kumi za mwisho. Sawasawa kabisa.

Stendi, kondakta aliipokea bahasha yenye flashi akaitikisa sikioni. "Dada, humu kuna nini, mahari?" Kabla sijamjibu simu ikaita. Dada Stella.

"Umesikiliza zote?"

"Zote."

Lilitoka lenyewe, laini, kwa sauti ileile ninayolipwa kuitumia.

Nyumbani, chai ikiwa mkononi, nilifungua faili moja la katikati ili moyo utulie. Namba 131, dawa ya minyoo, mbuzi. Nikajisikia nikisoma, kwa utulivu mkubwa, kipimo cha ng'ombe.

Jumbe hizo hazitaji mnyama. Mfugaji ameshabonyeza, kwa hiyo hatagundua kosa.

Nilisikiliza nyuma na mbele mpaka nikaelewa. Ujumbe wa 118 ulikuwa mfupi kama salamu: "Mwite mganga wa mifugo leo." Niliutupa pamoja na shikamoo. Kwenye 163 nilinyamaza katikati nikimeza mate, ukakatwa ukawa vipande viwili. Kilichopungua huku kikajazwa na kilichozidi kule, hesabu ikatimia, na kati ya hizo mbili kila jibu limesogea kwenye namba ya mwenzake. Mafaili arobaini na sita.

Laini inafunguliwa kesho alfajiri.

Nakiri kwamba sikumpigia Dada Stella papo hapo. Nilikimbilia kwenye duka la intaneti na kuandika barua pepe: "Dada, nimeboresha sauti kwenye baadhi ya mafaili, naomba uyabadilishe ukipata nafasi." Nikaisoma mara tatu. Ilikuwa barua nzuri, na ingeniokoa. Lakini mtu akiambiwa "ukipata nafasi" hubadilisha wiki ijayo, na mfugaji wa Mitundu atakuwa ameshamnywesha mbuzi wake kipimo cha ng'ombe.

Nikaifuta. Nikatoka nje kwenye upepo, nikapiga.

"Dada Stella, flashi ina makosa. Kuanzia 118 mpaka 163. Vipimo vimehama."

"Si ulisema umesikiliza?"

"Nilikudanganya, dada."

Nilimsikia akirudia namba hizo mbili polepole, kama anayeandika.

"Nitumie hizo kabla ya saa kumi," alisema. "Ya masika tuiache kwanza."

Nimeketi hapa kwenye duka la intaneti tangu saa saba, nikaurudisha ujumbe wa 118 mahali pake na kuunganisha vipande vya 163. Kila faili nimelisikiliza hadi mwisho, karatasi ya maelezo ikiwa magotini, ndipo nikalituma. La mwisho limeondoka saa kumi kasoro dakika tisa. Nikaandika haya ili mikono isikae bure wakati nasubiri.

Ujumbe wake umeingia sasa hivi: "Nimezipokea. Nasikiliza zote 240 mwenyewe, moja moja."

Hakuna neno baya ndani yake. Anafanya tu kazi niliyosema nimeifanya, na kesho mbuzi wa watu watakuwa salama kwa sababu yeye haniamini.

Nimeandika "Asante dada." Nimefuta. Nimeandika tena, nimetuma.