Mafundo ya Usufi

Jumamosi, 3 Machi

Nimempapasa Usufi leo nikashtuka. Mafundo! Nyuma ya masikio, kwapani, tumboni — manyoya yamesokotana kama nyuzi chini ya cherehani. Tangu mama atutoke hakuna aliyemshikia brashi. Mama alikuwa akimchana kila asubuhi pale dirishani, akimpa habari za mtaa, na paka anaitikia. Sisi wawili, mimi na dada, tunamlisha, basi.

Nimejaribu peke yangu. Mkono mmoja umshike, mwingine uchane — wa kumtuliza niutoe wapi? Kanikwaruza, kaingia chini ya kabati.

Dada kapita na kikombe chake. Tangu nisikie kwa jirani (kwa jirani!) kwamba amepata uhamisho, anakwenda kufundisha mji mwingine, tunasalimiana kama wapangaji.

Jumapili, 4 Machi

Nimempigia daktari wa mifugo. Kasema mkasi niuweke mbali kabisa, ngozi ya paka ni nyepesi mno. Fundo hufunguliwa kwa vidole, kuanzia nchani, taratibu. Na tuwe wawili: mmoja ampakate, mwingine achane.

Wawili! Nimecheka kicheko cha kusikitisha.

Jumatano, 7 Machi

Kutwa nzima kupiga pasi mashati ya watu. Ule mvuke wa dobi umenifuata mpaka nyumbani. Kila kitu nakiona kwa mbali, kama natembea usingizini. Labda ndiyo maana nilithubutu. Nilimkuta Usufi anajilamba huku analia, nikaenda kusimama mlangoni kwa dada. Nikamwambia paka anaumia, nahitaji wa kumshika.

Alikuwa anasahihisha madaftari. Bila kuinua macho akauliza, kwani yeye kamba ya kumfungia paka?

Kisha akasema Jumamosi.

Jumamosi, 10 Machi

Sijui niandike vipi siku ya leo. Ilikuwa kama kitu kilichopita majini.

Tuliketi sakafuni, jua likiingia dirishani. Dada kampakata Usufi kwenye taulo, mimi na vidole vyangu. Fundo la kwanza likachukua karne. Lilipoachia, manyoya yakapaa kama moshi, yakaelea juani, hayataki kutua. Sote tukayatazama, na paka pia.

Maneno yote yalipitia kwa paka.

“Usufi, mwambie huyo asikuvute.”

“Usufi, mwambie huyo asikubane.”

Akakunja uso — dada, si paka — na nikajua anazuia kucheka. Tukaendelea. Sikio la kulia, la kushoto, shingo. Paka akaanza kukoroma, ule mkoromo unaopenya mpaka kwenye magoti. Mimi nikawa kama nasinzia, vidole vinafanya kazi vyenyewe. Ndipo dada akasema, polepole, huku ameinamia paka:

“Mwambie nilitaka kumwambia. Kila nikifungua mdomo, naona kile kiti cha mama kitupu, sauti inagoma. Mwambie nyumba ndiyo inayonibana kifua. Si yeye.”

Nilichana pale pale palipokwisha chanika. Nikachana tena.

“Mwambie,” nikasema, “mimi nami inanibana. Nilidhani nabanwa peke yangu.”

Akaniondolea unyoya kwenye nyusi.

Hatukufika tumboni. Usufi kachoka, nasi tumechoka, uchovu mtamu.

Jumapili, 11 Machi

Tumbo tumelimaliza asubuhi, kabla ya chai. Usufi alilala chali mwenyewe, miguu hewani — bwana mzima hana aibu! Sasa ni alasiri. Amelala mapajani kwa dada, anang’aa, mdogo kuliko nilivyomdhania. Kumbe nusu yake ilikuwa mafundo. Dada kaegemea ukuta. Mimi naandika hapa hapa karibu yao. Nje kuna mtu anafagia, fya, fya, na nyumba yote kama inapumua naye.

Simu ya dada imeita. Iko mezani, karibu nami. Nimemsomea jina: dereva wa lori. Kumbe keshatafuta lori la kubebea vitu vyake! Anataka kuambiwa siku, dada kasema. Hakunyoosha mkono. Imeita mpaka ikakatika.

Inaita tena.

“Pokea wewe,” kaniambia.

Nimwambie nini?

Kafumba macho, kiganja juu ya mgongo wa paka. “Mwambie nina kazi. Bado tunamchana paka.”

Bado tunamchana paka! Na brashi nimeshaiosha, imeanikwa dirishani, na yeye ameiona.

Bado inaita. Ngoja nipokee —