Niliwafundisha Kuihoji Mashine, Wakanihoji Mimi

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimechoka, wala si kwa sababu ya kazi, kwani kazi nimeizoea miaka thelathini na miwili hapa Muhuru Bay na muhula ujao nitastaafu, ila shule ililetewa kompyuta zenye akili mnemba nami nikaona nizitumie kuwafundisha kidato cha tatu kufikiri badala ya kunakili, basi kila jibu la mashine tukalipima kwa maswali matatu: nani amesema, amejuaje, na nani hakuulizwa. Mashine ilipodai kwamba omena, dagaa wa ziwa letu, huvuliwa kwa wingi usiku wa mbalamwezi, darasa liliangua kicheko, na Truphena, ambaye mama yake huanika omena ufukweni, akasema, "Mwalimu, huyu hajawahi kuona taa za wavuvi! Mwezi uking'aa, taa itamvuta nani?" Siku hiyo nilijivunia kazi yangu.

Wiki iliyofuata niliwasomea daftari langu la zamani, ambamo nimeandika kwamba omena huoza kwa sababu wanawake wa ufukweni ni wavivu wa kuwageuza, Truphena akanyoosha mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, na hapo, nani hakuulizwa?" Wenzake wakacheka, nami nikamtoa nje nikisema, "Mimi si mashine yako!" Siku mbili baadaye nilipita ufukweni mvua ikinyesha, nikaona wanawake wale wakikimbia kuokoa omena zao, nikajua ninayepaswa kuona haya ni mimi.

Tangu hapo hakuna anayeuliza. Juzi niliwasomea uongo kwa makusudi, kwamba kaunti yetu ya Migori haipakani na Tanzania, na wote arobaini na mmoja wakauandika, Truphena akiwa wa kwanza. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Maurice, ananiambia, "Mwalimu akimwomba mtoto msamaha, amekwisha." Nifanye nini?

Mwalimu aliyechoka, Muhuru Bay

Mwalimu,

Pole. Uchovu wako nauamini, lakini usiusingizie. Ulimtoa mtoto nje kwa sababu alikuwa sahihi mbele ya watu. Tena mmoja wa wanawake uliowaita wavivu ni mama yake; umesema huanika omena, lakini tusi hilo kwake hukulitaja popote. Niliisoma barua yako mara mbili nikilitafuta.

Bwana Maurice mwache na hofu yake. Umebakiza muhula mmoja. Heshima anayotaka uilinde unamwekea nani?

Nenda kwa mama huyo asubuhi, wakati wa kuanika. Usimwite shuleni. Mwombe radhi, kisha umuulize omena huharibikaje, na uandike anavyosema. Ukirudi darasani, iandike sentensi yako ya zamani ubaoni, uweke jina lako chini yake, umwambie Truphena mbele ya wenzake kwamba ulimkosea. Mpe chaki aisahihishe. Usimtake atabasamu, wala usimharakishe kukusamehe.

Asipoinuka, usimlazimishe. Iache sentensi hiyo ubaoni na jina lako, kesho na keshokutwa, mpaka mkono mmoja unyooke.