Farasi Aliyelishwa Kama Ng'ombe

Skuta, Nyeri
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje na hii baridi? Na Baba amepata maji ya kutosha kwa mpunga, au bado anagombana na wale wa juu ya mfereji? Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto umechubuka. Usishtuke, nitakueleza. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa nanyamaza, nawe unadhani nina njaa. Tena simu ni ya Anti, na nikiongea yeye hukaa karibu. Barua hii nampa jirani anayekuja Kutus kesho kununua nyanya.

Mjomba amesema atakupigia Jumatano. Atakuambia nimemwaibisha mbele ya watu. Ni kweli. Lakini nataka uwe umesikia kwangu kwanza.

Unakumbuka ulivyofurahi kaka yako aliponunua farasi. Tulienda kumchukua kwenye shamba moja huko Naro Moru, na alikuwa mpole kabisa. Kwa kuwa mimi ndiye mwepesi hapa nyumbani, Mjomba aliamua nitakuwa nikimpanda na kumwongoza watoto wakipanda, mpaka barua yangu ya chuo ije. Mwenye shamba alinifundisha asubuhi nzima. Akatuambia farasi anataka nyasi, maji, na kutembezwa kila siku. Mjomba aliitikia "sawa, sawa" huku akimpiga picha. Akampa jina la Mheshimiwa.

Jumapili za kwanza zilikuwa nzuri. Baada ya kanisa tulimpeleka uwanjani, watoto wakapanda, wazazi wakapiga picha. Mimi ambaye shuleni nilishindwa kusoma kwa sauti mbele ya darasa, nilikuwa nawaambia watoto washike hapa, wasiogope. Niliipenda kazi hiyo, Mama. Nasema hivyo usije ukafikiri nimekuwa mvivu.

Sasa, unamjua kaka yako na ng'ombe wake. Watu hutoka mbali kuja kuwaona. Kwake yeye mnyama anayependwa hufungiwa ndani na kujaziwa hori, kwa sababu akitembeatembea anakonda. Basi alimtengenezea Mheshimiwa chumba kando ya ng'ombe, akawa anampa unga uleule wa ng'ombe wa maziwa, na molasi juu yake. Wiki nzima farasi alisimama pale kwenye mkojo wake akiangalia mabati. Majirani walikuja kumsifu, wakasema amenona, anang'aa. Mjomba alikuwa akimpapasa tumbo kama anayengoja azae.

Kusafisha ni kazi yangu. Sitakuficha, siku zingine nilitapika. Kinyesi kilikuwa maji matupu, kikagandia mkiani na miguuni, nzi wakatanda juu yake kama kitambaa. Harufu ilibaki kwenye nywele zangu hata nikioga, na kanisani mama mmoja alinusa hewa mara mbili kisha akahama benchi. Lakini uchafu haukunichukiza kama yaliyofuata.

Farasi alibadilika. Nikimtoa nje anaruka, anazunguka, ananisukumiza ukutani ili nishuke. Siku moja aliniangusha kwenye sukuma wiki ya jirani. Mjomba alikuja mbio, nikadhani anakuja kuniinua. Alinipita, akainama kuangalia miguu ya farasi kama imeumia. Nilikaa pale na tope mdomoni, nikimtazama anavyoipapasa ile miguu.

Nilijaribu kuongea naye, Mama. Nilijizoeza maneno yangu nikichota maji, halafu nikamwambia jikoni kwamba labda tumtembeze kila siku na tumpunguzie unga, kama yule mwenye shamba alivyosema. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Ati upunguze chakula? Mimi nilianza kufuga mama yako akiwa bado na kamasi. Mnyama akikataa kazi ni kiburi, na kiburi nakijua dawa yake."

Anti aliniambia ninyamaze, nile.

Dawa ilikuwa waya. Alikata waya wa ua, akauzungushia kile chuma cha mdomoni. Nilipovuta kamba, povu lilitoka jekundu na kunirukia mkononi, la joto. Nilijifuta kwenye nyasi, nikajifuta kwenye sketi, na bado nilikuwa nalihisi. Tangu siku hiyo nikimwona Mjomba akimega ugali kwa vidole vilevile, chakula kinanikwama. Nisamehe kusema hivyo juu ya ndugu yako.

Juzi Jumamosi farasi alinibamiza kwenye nguzo ya lango, ndipo nikaumia mkono. Jana bado tulienda uwanjani. Mheshimiwa alikuwa anatokwa na jasho na kurudi nyuma, na vijana walikuwa wanamrekodi kwa simu wakisema anacheza ngoma. Baba mmoja alikuja na binti yake mdogo, amevaa rinda la njano, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Akauliza kama farasi ana shida.

"Huyu?" Mjomba akasema. "Huyu ni kondoo. Anaweza kulala na watoto kitanda kimoja."

Watu wakacheka. Akambeba yule mtoto ili amkalishe juu. Mtoto akanitazama mimi, kwa sababu ndiye nilikuwa nimeshika kamba, akaniuliza kama anauma.

"Hapandi," nikasema.

Sauti haikutoka vizuri. Mjomba akauliza, "Nini?"

"Mtoto hapandi, Mjomba. Jana huyu farasi alinibamiza kwenye nguzo." Nikapandisha mkono wa sweta watu wakaona.

"Wambui, toka hapo. Unafukuza watu."

"Mshushe."

Najua mjomba haambiwi hivyo. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba kaka ya mama hata kikombe cha chai anapewa kwa mikono miwili. Nilipomaliza kusema nilishika shingo ya farasi. Yule baba alimchukua mtoto wake mikononi mwa Mjomba. Waliokuwa wakingoja wakaanza kuondoka, na mama mmoja akasema kwa sauti kwamba karibu wauliwe watoto.

Mjomba hakunipiga. Alisema tu, "Sasa umefurahi," akatema mate karibu na viatu vyangu, akaenda zake. Nilimrudisha farasi kwa miguu. Njiani nilitoa ule waya. Ulikuwa umeshikana na nyama, ikabidi nitumie vidole. Nimeutupa chooni.

Leo asubuhi Anti amenipa masharti ya Mjomba. Jumapili nisimame pale uwanjani niseme nilidanganya, kwamba mkono niliumia nikikata nyasi za ng'ombe. Kisha nimpande Mheshimiwa nikiwa nimempakata mtoto mbele yangu, ili watu waamini. Mtoto mwenyewe atakuwa kitinda mimba wao. Nisipofanya hivyo, nifunge nguo zangu nirudi Kutus. Na atakuomba wewe ndiye uniambie, maana anajua sijawahi kukukatalia neno.

Mama, usiniambie. Ukisema nirudi nyumbani nitarudi, nitapalilia mpunga huku nikingoja barua ya chuo. Ukisema nimwombe msamaha kwa kumwinulia sauti, nitapiga magoti jikoni kwake hata mbele ya majirani. Lakini usiniambie niseme farasi ni mpole. Wengine wote wakiniambia naweza kukataa, sasa najua. Ukiniambia wewe nitampanda, na yule mtoto nitampakata.

Nisalimie Baba, na Nyanya, umwambie zile soksi zake ndizo navaa usiku. Salamu kwa kaka yangu Muriithi na mkewe, na kwa mdogo wangu Wanja, asome. Pia kwa mama wa kwaya aliyeniombea nikiondoka.

Jumatano Mjomba akipiga simu, tafadhali mwambie anipe mimi kwanza, niongee nawe.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Wambui