Mwalimu Shee na Utangulizi Wake

Timbwani, Jumanne, 1992

Ati nasalimia swali! Mwalimu Shee kayasema hayo mbele ya darasa zima, karatasi yangu ya Historia kaishika kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza.

"Zuhura, swali lauliza sababu za Vita vya Maji Maji. Wewe umelisalimia, umelijulia hali, umelikaribisha chai. Kengele ikalia hujataja hata sababu moja."

Kweli. Utangulizi kurasa mbili, hoja hakuna.

Hakutosheka. Alasiri kaja nyumbani kunishtaki kwa baba. Mimi nyuma ya pazia nasikiliza, maana nikianguka mtihani wa mwisho nitapelekwa Bamburi kulea watoto wa shangazi. Naogopa, wallahi.

Baba akamuuliza hali yake. Kisha ya mkewe. Kisha ya goti la mamake, na ya nyumba anayojenga Kisauni. Mwalimu akajibu yote kwa ukamilifu, halafu naye akamuuliza baba, moja moja. Mama akaleta kahawa. Wakaanza upya.

"Sasa, mzee, lililonileta hasa..."

Adhana ya magharibi. Wakatoka pamoja kwenda msikitini, na mwalimu hakurudi.

"Mwalimu wako ana adabu sana," baba kaniambia baada ya kuswali. "Alikuja kutujulia hali tu."

Utangulizi mzuri, kwa kweli. Hoja haikutajwa, wakati ukamwishia. Nimempa alama zile zile alizonipa mimi.