Simu ya Dubai Kapokea Mama

Hamriya, Jumatatu usiku, 2003

Nimekasirika, na Mama nnamsikia jikoni anaosha vikombe alivyokwisha kuviosha.

Sikoseli imenitoa kazi mbili za ofisini. Hii ya kufasiri nyaraka hapa nyumbani na kuzituma kwa intaneti ndiyo iliyobaki, na bado nimo kwenye majaribio. Bwana wa Dubai anayenipa kazi alikuwa hajui kama mimi mgonjwa. Ndiyo raha ya kazi hii: anaona maandishi tu, hanioni nnavyochechemea.

Leo magoti yakanilaza baada ya adhuhuri. Simu ikalia, Mama akapokea. Na Mama kila anayepiga humtaka dua, hata aliyekosea nambari.

"Kalala," nikamsikia anasema kwa Kiarabu. "Ana maradhi ya damu tangu mdogo. Muombee, mwanangu, Mungu amjaalie shifaa."

Nikatoka chumbani nikiburura mguu. Keshaweka simu.

"Mama, yule ndiye mwenye kazi!"

"Kaitikia amina," akanijibu. "Mtu mwema."

Mwema! Walioniachisha zile kazi mbili wote walikuwa watu wema, na wote waliniombea dua.

Magharibi simu ikalia tena. Mama, ambaye haiachi ikalia mara mbili, alikaa mikono mapajani, ananitazama. Nami nikamtazama yeye.

Ikalia mpaka ikanyamaza yenyewe.