Alienda ao Alibakia

Kitwe, tarehe 9 mwezi wa sita 1992

Papa mupenzi,

Jambo sana. Natumaini barua hii itakukuta muzima, mugongo umepunguza kukusumbua, na bwana wangu Mukendi anakupashia maji ya kuoga asubuhi vile aliniahidi. Minye niko muzima. Kazi nimepata hapa Zambia, kufua mashuka na kupika katika nyumba ya wageni ya Mama Mwansa. Chumba changu kiko nyuma ya jikoni. Kina kitanda na dirisha moja.

Nikuambie kitu ucheke. Kuko neno moja la Kingereza linanitesa: "left". Siku ya kwanza Mama Mwansa alinituma sokoni, akasema nikifika kwenye kanisa nikate "left". Bwana wake akanionyesha kwa mukono: kushoto. Nikashika. Kesho yake mama akauliza kama kuko muchele "left". Nikaenda kutafuta upande wa kushoto wa kabati, nikarudi nikasema hakuna. Akaja mwenyewe, akaukuta mufuko nusu upande wa kuume. Kumbe aliuliza kama muchele umebakia. Sawa, nikaandika katika daftari: kushoto, kubakia. Ijumaa akaniambia mugeni wa chumba cha tatu "left". Nikajua amebakia, nikamupikia, nikaweka chakula mezani na kukifunika na sahani. Chakula kikapoa. Mugeni alikuwa amekwenda Ndola tangu asubuhi.

Nikamuuliza bwana wa Mama Mwansa, ambaye ni mwalimu, namna gani neno moja linaweza kuwa kubakia na tena kuenda. Akasema muntu akiacha kitu, yeye anaenda na kitu kinabakia, na Waingereza wanatumia neno moja kwa yote mawili. Mwalimu alicheka. Minye sikucheka sana, papa. Nilifikiri juu yenu, weye na Mukendi.

Jumapili naenda misa. Nyimbo nazijua kwa sauti, maneno ni mengine, basi nakaa nyuma na kufunga kinywa. Mwambie Mukendi aniandikie. Jean, dereva wa lori ya unga, ndiye analeta barua hii, na atapita tena kuchukua majibu.

Mutoto wako,
Clotilde


Panda, tarehe 16 mwezi wa nane 1992

Mutoto wangu Clotilde,

Salamu nyingi. Barua yako ilitukuta wazima, tunamushukuru Mungu. Mugongo ni ule ule, lakini natembea mpaka parokia na kurudi bila fimbo. Mukendi alisoma habari ya chakula kilichopoa mara tatu na kuwasomea jirani. Anakuandikia upande wa pili wa karatasi hii, kwa hiyo sitamuibia nafasi.

Hapa Likasi mambo si mazuri. Kiwandani wanaenda asubuhi, wanakaa kwenye kivuli cha karakana, wanarudi. Mishahara imesimama. Sasa watu wamekosa wa kukasirikia, wameanza kusema ni wenye asili ya Kasai ndio walikula kazi zote, warudi kwao. Kwao ni wapi? Mukendi alizaliwa hapa Panda, babake alitandika reli hii. Alivyokuja kukuomba kwangu, sikumuuliza kabila. Nilimuuliza kama anakunywa.

Floribert jirani yetu, aliyebeba kreti za bia siku ya ndoa yenu, hamusalimii Mukendi tena. Anapita kama anatazama ukuta. Mukendi anamusalimia tu. Namuambia aache. Anasema akiacha, itakuwa kama kweli kuko kitu kati yao.

Usiogope sana. Maneno ya watu huja na kupita.

Papa yako,
Bertin


Kitwe, tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 1992

Papa mupenzi,

Jambo. Unaendeleaje na afya? Minye mwili ni muzima, lakini moyo hapana. Tangu mwezi wa tisa sijapata hata mustari mmoja wa Mukendi. Jean alipita mara mbili na mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema hakumukuta muntu nyumbani. Mara ya pili aliangalia chini na kusema barabara ilikuwa mbaya.

Hapa redio inasema watu wamejaa kwenye gare ya Likasi, wanalala chini na watoto na vyombo vyao, wanangoja gari ya moshi ya kuwapeleka Kasai. Papa, Mukendi iko nyumbani? Niambie tu hilo. Nikijua iko nyumbani nitavumilia mengine yote.

Nakula peke yangu jikoni wakishamaliza wote. Zamani nilikuwa nasoma barua yake ya mwezi wa nane wakati wa kula. Sasa naijua kwa moyo, na haitoshi tena.

Mutoto wako,
Clotilde


Panda, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1992

Mutoto wangu,

Salamu. Niko muzima kidogo. Mukendi hayuko nyumbani. Aliamua mwenyewe kwenda gare pamoja na wengine, mwezi wa kumi. Aliona ni vizuri hivyo. Iko na mahali pazuri chini ya paa, si kama wale wa nje. Kila juma namupelekea bukari ya mahindi na mboga ya sombe. Anakusalimia. Kuandika ni vigumu pale, karatasi inaloa.

Usikuje. Barabara si ya mwanamuke peke yake. Noeli njema.

Papa yako,
Bertin


Kitwe, tarehe 28 mwezi wa tatu 1993

Papa,

Jambo. Natumaini uko muzima.

Juma lililopita katika nyumba ya wageni walilala watu watatu waliotoka kusaidia wagonjwa huko gare ya Likasi. Walikuwa na daftari la majina, kurasa nyingi, na Kingereza tu. Nikafua nguo zao nikazipiga pasi vizuri kuliko za wengine, kisha nikamuomba yule mama muuguzi anitafutie jina moja. Akanikalisha karibu yake mezani. Tukatafuta kwa kidole, mustari kwa mustari. Ukurasa wa kumi na nne nikamuona: Mukendi, miaka thelathini na moja, Panda. Halafu, mwisho wa mustari, neno moja bila tarehe: "left".

Papa, ni neno lile lile. Nikamuuliza: alienda ao alibakia? Akasema kwa kawaida maana yake ameenda, alipanda gari. Nikasema asante. Lakini akageuza kurasa nyingine, kisha akasema hakuandika yeye. Aliyeandika amekwisha kurudi Ulaya. Akasema kuko wagonjwa waliokuwa hawana wa kuwashika, jamaa zao walipanda wakawaacha pale chini, na hao pia mwenzake aliwaandika kwa neno hilo. Nikamuuliza kama hao walipona. Akanishika bega.

Sasa ninalo neno moja, na ndani yake bwana wangu iko Kasai anatembea, ao amelazwa kwenye saruji ya gare, ao amezikwa Likasi na hakuna aliyeniambia. Weye unasema unamupelekea chakula kila juma. Basi weye unajua. Enda gare, papa. Uliza. Halafu niandikie kwa Kiswahili chetu, kuko maneno mawili: alienda, ao alibakia. Na kama kuko neno la tatu, andika hilo pia.

Clotilde


Panda, tarehe 11 mwezi wa tano 1993

Mutoto wangu Clotilde,

Ninakusalimia. Sitakuuliza afya, juu najua barua zangu ndizo zimekufanya mugonjwa.

Nilienda. Gare sasa ni tupu karibu yote. Kumebakia moshi kwenye kuta na matambara. Nilimukuta Mama Madeleine, anayeuza bukari pale mulangoni tangu mwanzo, anamujua Mukendi vizuri. Alisema: alipanda gari ya mwezi wa pili, kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa ameponyoka ugonjwa wa kuhara na mwili umekwisha, lakini alipanda. Alimuachia ujumbe: muntu akimuuliza, aseme iko Mwene-Ditu kwa baba mudogo wake, fundi wa baiskeli karibu na soko. Basi jibu ni hili. Alienda.

Mama Madeleine alinitazama akauliza: "Weye ni nani wake?" Nikasema ni mukwe wangu. Akasema katika miezi ile yote alidhani Mukendi hana muntu Likasi.

Sasa nakuandikia lile neno la tatu.

Hakwenda gare kwa kutaka. Siku moja ya mwezi wa kumi, saa kumi ya mchana, Floribert alikuja na wanaume watatu. Mukendi hakuwepo. Walisema kwa adabu, hata walikaa kwenye viti. Walisema wananiheshimu, nyumba hawataki kuichoma, lakini mpaka Jumapili yule atoke. Nilikuwa na siku nne za kusema hapana. Ningeweza kwenda parokia kwa mupadri. Ningeweza kukaa mulangoni na kiti changu, muzee wa miaka sitini na tisa, waone kama watanipita. Sikufanya hata kimoja. Niliogopa, mutoto wangu. Niliogopa kwa ajili ya bati na mulango na kitanda alichofia mama yako.

Asubuhi ya Ijumaa nilimuambia, "Mwanangu, gare ni salama kuliko hapa."

Akauliza, "Papa, ni weye unasema, ao ni wao?"

Nikasema, "Ni minye."

Hakubisha. Alinipashia maji ya kuoga kama kila siku, halafu akafunga mizigo. Nilimupelekea chakula mara mbili tu, si kila juma. Mara ya pili nilimuona amelala kwenye karton na homa, watu wananitazama, na nikamupa sahani nikaenda bila kukaa. Paa hakuwa nalo. Nilikudanganya.

Kwa hiyo daftari la wale waliosaidia wagonjwa lilikuwa na haki kila upande. Alienda, ndiyo. Lakini kabla ya kwenda aliachwa, na aliyemuacha ni papa yako.

Sikuombi kitu. Nilitaka ujue kutoka kwangu, si kwa Jean.

Bertin


Panda, tarehe 3 mwezi wa tisa 1993

Mutoto wangu,

Miezi minne sijapata jibu, na ni haki. Jana Jean alirudi na barua yangu ya mwezi wa saba haijafunguliwa. Alisema uliacha kazi kwa Mama Mwansa, uko Lubumbashi, na juma hili utapanda gari ya moshi ya kwenda Mwene-Ditu. Gari hiyo lazima isimame Likasi.

Barua hii siwezi kuituma, nitakuwekea mukononi mwenyewe. Nitakuwa gare tangu asubuhi ya Jumatatu. Watu wa reli hawajui siku wala saa, lakini nitangoja mpaka ifike. Nina samaki wakavu na chumvi ya njia. Kama hutaki kusema na minye, usiseme. Fungua dirisha tu, uchukue mufuko na karatasi hii, utasoma mbele.

Mukendi mupe ujumbe huu: chumba chake nimekifagia na sijakipangisha kwa muntu. Floribert hapitii tena kwangu, tangu nilipomuambia mbele ya watu wa parokia kile nilichokufanyia weye na bwana yako, na kile alichofanya yeye. Nilichelewa mwaka mzima kusema. Nilisema hata hivyo.

Papa yako,
Bertin


Mwene-Ditu, tarehe 17 mwezi wa kumi 1993

Papa,

Jambo. Natumaini uko muzima. Sisi ni wazima. Barua hii inaletwa na mufanyakazi wa reli, muntu wa hapa anayemujua Mukendi.

Nimemukuta. Amekonda na nywele zimeanza kuwa nyeupe pembeni, lakini anafanya kazi, anatengeneza baiskeli na baba mudogo. Nilisimama mbele yake sokoni na hakunijua mara moja. Alisema, "Karibu mama, ni gurudumu ao cheni?" Halafu akanijua.

Minye naandika juu ya gare ya Likasi. Gari ilifika Jumatano. Nilikuwa behewa la tatu, upande wa dirisha. Nilikuona, papa. Ulivaa koti jeusi lenye ulivaa siku ya ndoa yetu, na jua lilikuwa kali. Ulikuwa na mufuko kwenye mukono mmoja na karatasi kwenye mwingine. Ulianza behewa la kwanza, unasimama chini ya kila dirisha na kuita Clotilde, unangoja kidogo, unaendelea. Nilivuta kitenge mpaka machoni. Ulipita chini yangu, niliona mukono wako unashika ubao wa behewa, juu mugongo ulikuwa unakuuma. Uliita mara mbili. Sikujibu.

Bibi mumoja muzee wa Kasai aliyekaa mbele yangu akauliza, "Muzee huyu anatafuta nani?"

Nikasema, "Simujui."

Ulienda mpaka mwisho wa gari. Kule kwenye behewa la mwisho hukuita tena jina langu. Uliita Mukendi. Watu wote ndani ya behewa letu waligeuka kutazama, juu hilo ni jina la kwao, na wengine walikuwa na ndugu wenye jina hilo waliokufa pale pale kwenye gare. Gari ikaondoka ukiwa bado unaita.

Nilimusimulia Mukendi yote. Nilidhani atafurahi kwamba nimesimama upande wake. Aliweka ufunguo wa nati chini, akaniuliza kama ulitembea na fimbo. Nikasema hapana, ulishika behewa. Mteja akaja, akamukazia cheni. Kisha akasema, "Papa alikuja gare, na weye ulimunyamazia." Hakusema amekusamehe. Alisema tu nikuandikie.

Minye pia sijui kama nimekusamehe, sitakudanganya. Nalala nikiisikia sauti yangu inamuambia yule bibi simujui. Haikuwa kweli. Nilikujua tangu behewa la kwanza.

Mutoto wako,
Clotilde