Treni Haingoji Kujaa

Jumatano, Dar, nyumbani kwa mwanangu Anna

Nani aliniambia treni haingoji kujaa? Kwetu Litembo gari halitoki bila kujaa, kwa hiyo nilishuka kununua maji. Ikaondoka na mfuko wangu, na dawa zote za macho nilizozifuata huku mjini toka kwetu Mbinga.

Nilimfokea binti wa tiketi. Akasema, "Shikamoo bibi, kaa kwanza," akapigia simu kituo cha mbele. Tukingoja akanieleza kituo kile kilikuwa cha mizigo, kikaota majani, sasa kinapeleka watu kazini.

"Majani yalikuwa na subira kuliko treni yenu," nikamwambia. Alicheka sana.

Treni iliporudi, mfuko huo, haujafunguliwa. Na mimi, asante ikanikwama kwa kiburi. Kesho nampelekea yule binti nusu ya maharage niliyomletea Anna. Anna akinuna, anune.